Nyimbo Baada ya Msamaha: Jinsi Kanisa la Taita Lilivyojifunza Kukua



Habari za kwaya yetu, walimu wake, safari zake na nyimbo zake, zimeandikwa katika kurasa nyingine za kijitabu hiki. Makala haya yanarudi nyuma zaidi, hadi siku ambazo Injili ilifika katika milima tunayoiona kutoka Voi, na yanauliza swali ambalo kila mwimbaji anapaswa kujiuliza katika mwaka wa yubile: je, tumekua? Hatuulizi kama tumeongezeka kwa idadi, wala kama kinanda chetu ni bora kuliko kile cha zamani. Tunauliza kama tumekua kiroho, kwa maana ile ya Paulo katika Waefeso 4:13-15, anapotaka waumini waache kuwa watoto wachanga wanaochukuliwa na kila upepo, wakue hadi kukifikia kimo cha Kristo.

Kukua huko kuna dalili nyingi. Kulipenda Neno ni dalili, kudumu katika maombi ni dalili, kutoa kwa moyo ni dalili. Lakini ukiifuata historia ya kanisa katika Taita Taveta, utaona dalili moja ikijitokeza katika kila kizazi, nayo ni namna mwamini anavyoishi na hasira yake. Je, anaiweka moyoni au anaiachilia? Katika kurasa hizi tutaifuata dalili hiyo moja, kwa sababu inatuhusu sana sisi tunaoimba.

Tarumbeta ya yubile

Tuanze na neno lenyewe. Katika Mambo ya Walawi sura ya 25, Mungu anawaamuru Israeli wahesabu miaka saba mara saba, na mwaka wa 50 wautakase. Katika mwaka huo aliyeuzwa utumwani alirudi kwao, na shamba lililouzwa kwa sababu ya shida lilirudishwa kwa jamaa iliyokuwa yake. Hayo tunayajua. Jambo tunalolisahau ni siku ya kupigwa tarumbeta. Mstari wa 9 unasema ilipigwa siku ya kumi ya mwezi wa saba, yaani Siku ya Upatanisho.

Maana yake ni kwamba sauti ya furaha ilisikika siku ileile ambayo taifa zima lilitubu dhambi zake. Watu walipatanishwa na Mungu, ndipo wakaachiliana madeni na mashamba. Yubile isiyo na kuachiliana ni kelele za tarumbeta tu. Kwa hiyo sherehe yetu inatudai kitu zaidi ya nyimbo mpya na sare mpya.

Sagalla, mwaka 1883

Injili katika sehemu hizi ilianzia pwani. Johann Ludwig Krapf, mmisionari wa Church Missionary Society (CMS), alifika Mombasa mwaka 1844, na kabla miezi mingi haijapita alimzika mkewe Rosine pamoja na mtoto wao mchanga. Johannes Rebmann alijiunga naye mwaka 1846, wakaanzisha kituo cha Rabai. Mwaka 1847 Rebmann alisafiri hadi Kasigau, na mwaka 1848, akivuka nchi ya Taita kuelekea Uchagani, aliuona mlima Kilimanjaro ukiwa na theluji kileleni. Alipoandika habari hiyo, baadhi ya wataalamu wa Ulaya hawakumwamini.

Lakini kupita ni jambo moja na kukaa ni jingine. Ilipita miaka 35 kabla CMS haijaanza kazi ya kudumu huku kwetu. Mwaka 1883 Joseph Alfred Wray alipanda Sagalla, mlima uleule unaotutazama kutoka upande wa kusini wa Voi. Mji wa Voi kama tunavyoujua ulikuwa bado. Reli kutoka Mombasa ilifika hapa mwaka 1897. Wray aliishi mlimani kati ya watu ambao hawakumwita na hawakujua alitaka nini.

Muda mfupi baada ya kufika kwake, mvua ilikatika. Ukame wa 1884 ulileta njaa kali iliyowatawanya watu wengi, wakaiacha milima kutafuta chakula kwa majirani. Katika shida kama hiyo watu humtafuta mwenye kosa, na mgeni huwa wa kwanza kutazamwa. Baadhi ya wenyeji walimshuku Wray kuwa ndiye aliyezuia mvua. Njaa ilipozidi ilimbidi aondoke Sagalla kwa muda. Baadaye alirudi kwa watu walewale.

Alijifunza lugha yao, na mwaka 1894 kikachapwa kitabu chake kidogo cha kuitambulisha lugha ya Taita. Kumbukumbu zake, zilizochapwa mwaka 1913, zinaeleza habari za miaka 30, kuanzia 1882 hadi 1912. Miaka mingi ya kwanza haikuwa na mavuno makubwa, na mtu mwenye haraka angesema kazi imeshindwa. Wakati huo vituo vingine vilikuwa vikiinuka. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walianza kazi Bura mwaka 1892. Kule Taveta, Alexander Steggall wa CMS alikuwa na kituo ambako kuanzia 1895 lilichapwa gazeti dogo liitwalo Taveta Chronicle. Baadaye kazi ya CMS ilipanda Mbale na Wusi, na kule Wusi alihudumu V. V. Verbi, mzaliwa wa Bulgaria.

Wazee walijua nini kuhusu hasira

Wamisionari wale hawakukuta mioyo mitupu. Wazee wa Taita walimjua Mlungu, na katikati ya ibada zao palikuwa na jambo ambalo Mkristo wa leo anafaa kulielewa kabla ya kulihukumu. Liliitwa kutasa.

Mtaalamu wa mila Grace Harris kutoka Marekani aliishi Taita mwanzoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1978 akachapisha kitabu kuhusu dini ya wazee wetu. Jina la kitabu chake, Casting Out Anger, maana yake ni kuitoa hasira nje. Alieleza kwamba wazee waliamini hasira iliyofichwa moyoni ina nguvu ya kudhuru. Baba aliyemkasirikia mwanawe na kunyamaza, jirani aliyekosewa na kumeza maneno, hasira yao ingeweza kuleta ugonjwa, mifugo kufa au shamba kutozaa. Dawa yake ilikuwa kutasa. Mwenye hasira alichukua funda la maji au la pombe ya miwa, akalipuliza nje huku akitamka maneno ya heri na amani kwa yule aliyemkasirikia. Alichokuwa amekiweka ndani alikitoa, na mahali pake akaweka baraka.

Sisi tunaomwamini Kristo hatuirudii ibada hiyo, kwa kuwa tumepata msamaha katika damu yake, na funda la maji haliwezi kuuosha moyo. Hata hivyo, Paulo alipokuwa Athene (Matendo 17) hakuona aibu kuanzia kwenye madhabahu aliyoikuta. Wazee wetu waliuona ugonjwa sawasawa. Walijua kwamba hasira iliyofichwa haikai peke yake, humdhuru mwenye nayo na nyumba yake. Walijua pia kwamba haitoshi kunyamaza. Lazima mtu atamke heri. Yesu mwenyewe, katika Mathayo 5:23-24, anamwambia mtu aliyefika madhabahuni na kukumbuka kuwa ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka pale pale, aende kwanza akapatane naye. Mkristo mwenye miaka 30 ndani ya kanisa ambaye bado hajafika pale wazee walipofika kwa kutasa, ana jambo la kujifunza.

Hasira ndani ya nyumba

Historia haitaki tuipambe. Injili ilipoanza kushika mizizi, ilileta pia mvutano mkubwa katika nyumba za Wataita. Waliovutwa kwanza na shule na mafundisho ya ubatizo walikuwa hasa vijana. Walipokataa kunywa pombe katika shughuli za ukoo na kukataa kushiriki ibada za baba zao, wazee waliona wamedharauliwa. Kwa mtu aliyeamini kwamba hasira ya baba huua, kijana aliyemkasirisha babake kwa ajili ya kitabu alikuwa anacheza na moto.

Hapo palikuwa na makosa ya pande mbili. Baadhi ya wazee waliwazuia watoto wao kwa nguvu. Na baadhi ya vijana, kwa kuwa wamejua kusoma, walifikiri wamekwisha kukomaa, wakawatazama wazazi wao kama watu wa giza wasio na la kuwafundisha. Waebrania 5:12-14 inawasema watu wa namna hiyo: muda wao ungetosha kuwafanya walimu, lakini bado wanahitaji maziwa. Kujua herufi kulikuwa baraka kubwa, ila hakukuwa ukomavu.

Nyumba nyingi zilipona polepole. Mwana alibatizwa, akaendelea kumlimia mamake na kumtunza babake mzee, na baada ya miaka baba akaona kwamba imani hii haikumwibia mtoto. Mahubiri ya namna hiyo hayana mimbari wala kipaza sauti. Ndiyo yaliyolijenga kanisa hili, na katika miaka ya 1960 milima hii ikampata askofu wa Mombasa aliyezaliwa Taita, Peter Mwang'ombe. Mwaka 1993 Dayosisi ya Anglikana ya Taita Taveta ilianzishwa, Samson Mwaluda akawa askofu wake wa kwanza. Kutoka siku ambayo Wray alipanda Sagalla hadi siku hiyo ni miaka 110. Anayetaka kuona mti umekomaa siku tatu baada ya kupandwa hajawahi kulima.

Kasigau: msamaha na ukweli

Kuna hasira nyingine ambayo haikutokana na dharau ya kijana wala ugomvi wa majirani, bali na dhuluma. Mwaka 1915, wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, mpaka wetu na Tanganyika ya Wajerumani ulikuwa uwanja wa mapigano. Serikali ya kikoloni iliwashuku watu wa Kasigau kuwa wanawasaidia Wajerumani, ikawaondoa mlimani kwa nguvu na kuwapeleka Malindi. Walitolewa kwenye hewa ya mlima, wakaingizwa kwenye joto na malaria. Wengi walikufa huko, na ilipita miaka mingi kabla waliosalia hawajarudi mlimani kwao.

Habari hii inatukataza kuufanya msamaha kuwa jambo jepesi. Kumwambia mtu wa Kasigau asahau tu kungekuwa kumtukana. Biblia haifundishi hivyo. Yusufu alipojitambulisha kwa ndugu zake (Mwanzo 45) aliwasamehe, lakini alitamka wazi kwamba wao ndio waliomuuza. Mtu aliyekomaa huutaja uovu kwa jina lake, hudai haki pale haki inapodaiwa, na bado haruhusu chuki iwe bwana wa moyo wake. Mchanga wa kiroho hufanya moja kati ya mawili: ama huficha kosa ili kuwe na amani ya uongo, ama hulihesabu kosa kila asubuhi kama mtu anayehesabu mbuzi zake.

Ndugu wa Uamsho

Kizazi kilichofuata kilipata somo jipya juu ya jambo hilihili. Mwaka 1929, juu ya kilima cha Namirembe mjini Kampala, Joe Church, daktari Mwingereza aliyetumika Gahini huko Rwanda, alikutana na Simeoni Nsibambi wa Uganda. Wote wawili walikuwa wamechoka na Ukristo wa jina tu. Walisoma Biblia pamoja na kuomba. Kutoka Gahini, katika miaka ya 1930, Uamsho wa Afrika Mashariki ulienea Rwanda, Uganda, Tanganyika, na kuanzia 1937 hapa Kenya. Wimbo wake wa Kiganda, Tukutendereza Yesu, unaimbwa hadi leo na watu wasiojua neno jingine la Kiganda.

Mafundisho ya Uamsho yalikuwa rahisi kusema na magumu kutenda: tembea nuruni. Ukiiba, rudisha. Ukimchukia ndugu yako, mwendee umwambie, umwombe radhi. Mmisionari mzungu alimwungamia mpishi wake kwamba amemdharau, na mpishi akamwungamia kwamba ameiba sukari. Katika nchi ya ukoloni hilo halikuwa jambo dogo. Na wakati wa vita vya Mau Mau, ndugu wengi wa Uamsho kule Kenya ya kati walikataa kula kiapo, na wengi wao wakakataa pia kushika bunduki za serikali. Baadhi yao waliuawa.

Uamsho nao ulikuwa na mitego yake. Palikuwa na waliogeuza ushuhuda kuwa mashindano, na waliowahesabu wengine kuwa hawajaokoka kwa sababu ya nguo au namna ya kusalimia. Kiburi cha mtu aliyeokoka ni kigumu kukitibu kuliko kiburi cha mlevi, maana mlevi anajua kwamba anaumwa.

Lakini matunda yake mazuri yalionekana katika saa ya giza. Tarehe 16 Februari 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin. Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, mtoto wa Uamsho, alikimbia usiku pamoja na mkewe, wakavuka milima kwa miguu hadi Rwanda. Baadaye, akiwa London katika ibada ya Ijumaa Kuu, alitambua kwamba uchungu dhidi ya Amin ulikuwa umeanza kuukausha moyo wake. Aliona kwamba Kristo msalabani aliwaombea waliompigilia misumari, na kwamba yeye hawezi kujipa ruhusa ambayo Bwana wake hakujipa. Mwaka huohuo kilitoka kitabu chake kiitwacho I Love Idi Amin, yaani Nampenda Idi Amin. Kivengere hakuacha kuusema uovu wa utawala ule mbele ya dunia. Aliachilia chuki, na akaendelea kusema kweli. Hayo mawili yalikaa ndani ya mtu mmoja, na ndiyo kimo tunachokitafuta.

Nyimbo zetu zilivyokua

Sasa tuje kwenye uimbaji, kwa maana nao una utoto wake na utu uzima wake. Nyimbo za kwanza zilikuja na sauti za Ulaya, na maneno ya Kiswahili yakabanwa ndani yake mpaka mkazo wa neno ukaanguka mahali pasipo pake. Walimu wa shule za misheni walifundisha kwa solfa, mpango uliobuniwa na Sarah Glover wa Norwich na kuenezwa na John Curwen kule Uingereza katika karne ya 19. Watu wasiojua kusoma noti waliweza kuimba sauti nne kwa herufi ubaoni. Tuwashukuru walimu hao. Kwa upande mwingine, wamisionari wengi waliziona ngoma kuwa mambo ya kuachwa nyuma, na kwa Mtaita aliyezijua ngoma za mwazindika katika shughuli za mapepo, onyo hilo lilieleweka.

Baadaye kanisa lilipata ujasiri wa kutofautisha ngoma na pepo. Kwa Wakatoliki, Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, ulifungua mlango kwa muziki wa kila taifa, na makanisa mengine nayo yalianza kuimba kwa kayamba na ngoma. Boniface Mghanga, aliyekuja kuwa mbunge wa Voi, aliiongoza Muungano National Choir kurekodi Missa Luba, ile misa iliyotungwa Kamina, Kongo, katika miaka ya 1950, na dunia ikasikia. Leo tunaimba kwa Kiswahili na Kidawida, kwa kinanda na kayamba, bila kumwomba mtu radhi. Huko nako ni kukua.

Lakini kila anayeimba anajua jambo hili: kwaya inaweza kupatanisha sauti nne vizuri kabisa huku waimbaji wawili wa sauti ya pili hawajasalimiana tangu Pasaka. Masikio ya watu hayatambui. Mungu anatambua.

Mpangilio wa Paulo

Fungua Wakolosai 3, uanzie mstari wa 12 hadi wa 16, utazame mpangilio wa maneno. Kwanza Paulo anawaambia wajivike rehema, utu wema, unyenyekevu, upole na uvumilivu. Kisha wachukuliane na kusameheana, mtu akiwa na sababu ya kumlaumu mwenzake, kama Bwana alivyowasamehe. Juu ya hayo wajivike upendo, ambao Paulo anauhusisha na ukamilifu. Kisha amani ya Kristo iamue mioyoni mwao. Ndipo, baada ya hayo yote, anafika kwenye zaburi, tenzi na nyimbo za rohoni.

Uimbaji unakuja mwishoni mwa orodha. Katika Waefeso ni vivyo hivyo: sura ya 4 inakataza jua kutua juu ya hasira na inaamuru kusameheana, na nyimbo zinafuata katika sura ya 5. Sisi wanakwaya mara nyingi huanzia mwisho. Tunajifunza wimbo kwa wiki tatu, na ugomvi tunaupa miaka mitatu.

Paulo hakuandika hayo kama mtu asiyejua magomvi. Yeye na Barnaba walishindana kwa ajili ya Yohana Marko mpaka wakatengana (Matendo 15:37-40). Paulo alimwona Marko kuwa hafai, kwa kuwa aliwahi kuiacha kazi. Miaka mingi baadaye, akiwa kifungoni, anamwagiza Timotheo amlete Marko, kwa sababu anamfaa katika utumishi (2 Timotheo 4:11). Mtume mwenyewe alihitaji muda. Na aliwasihi wanawake wawili wa Filipi, Euodia na Sintike, wawe na nia moja (Wafilipi 4:2), tena akamwomba mwenzake awasaidie. Maana yake, mtu aliyekomaa hakai pembeni akitazama wengine wakigombana. Anawasaidia wapatane.

Tufanye nini katika yubile hii

Magomvi ya kwaya zetu, kuanzia Taveta hadi Mackinnon Road, yanafanana. Kuna la fedha: michango ya sare au ya safari ilikusanywa na hesabu haikusomwa. Kuna la nafasi: nani anaanzisha wimbo, nani amewekwa mbele siku ya kurekodi. Kuna la vizazi: vijana wanataka mitindo mipya na wazee wanaona wanasukumwa nje. Na kuna la waliotoka, wale ambao siku moja hawakuja mazoezini, na hakuna aliyekwenda kuwauliza.

Kwa la fedha, tukumbuke Kasigau: msamaha haufuti ukweli. Hesabu isomwe mbele ya wote, aliyekosa akiri, na baada ya hapo lisirudiwe kila mkutano. Kwa la nafasi, tukumbuke kwamba hata wimbo wa sauti moja unahitaji mtu wa kunyamaza kwa wakati wake. Kwa la vizazi, tukumbuke vijana wa kwanza waliobatizwa na baba zao. Kijana mwenye kinanda kipya asifikiri amekomaa kwa sababu ya kinanda, na mzee asifikiri sauti ya zamani ndiyo pekee iliyotoka mbinguni. Kwa waliotoka, tukumbuke Wray, aliyeshukiwa kwa jambo asilolifanya, na bado akarudi. Huenda wako kati yetu walioshukiwa hivyo. Hao wasingoje kurudi wenyewe. Waendewe nyumbani, waalikwe kwa jina, waambiwe kwamba viti vyao viko.

Tunapendekeza kila mwanakwaya afanye jambo moja kabla ya Jumapili ya sherehe. Amtafute mtu mmoja ambaye mioyo yao imetengana, ndani ya kwaya au nyumbani kwake. Kama ni yeye aliyekosa, aombe radhi bila kujitetea. Kama ni yeye aliyekosewa, aseme kosa kwa upole, kisha amtamkie mwenzake heri kwa mdomo wake, maana hilo wazee wetu walilijua, na Kristo ametuonyesha gharama yake. Mwingine atakataa. Hapo pia utakuwa umekua, kwa kuwa Warumi 12:18 inadai sehemu iliyo katika uwezo wako tu.

Baada ya hayo tuje kanisani, tusimame katika safu zetu, sauti ya kwanza hadi ya nne, tuimbe. Kama kuna mwimbaji atakayekosa noti, si neno. Tarumbeta ya yubile ilipigwa na watu waliokwisha kupatanishwa.

Bwana Mungu aliyeilinda imani ya baba na mama zetu katika njaa, katika vita na katika magomvi ya nyumbani, atukuze sisi na watoto wetu hata tufikie kimo cha Kristo. Heri ya yubile, na amani ya Bwana iwe nanyi nyote. Amina.